Tawi la Njia Panda

Kizwite, Sumbawanga
6 Mei 2024

Kaka yangu Kornel,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Je, u mzima huko Kirando, wewe na wifi Coleta na wajukuu? Na masikio yanaendeleaje? Wifi aliniambia Pasaka kwamba siku hizi hata kengele ya kanisa huisikii mpaka uione inacheza. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Sitaki kupiga kelele kwenye simu mtaa mzima ujue mambo ya nyumba yetu. Barua nampa kondakta wa basi, atakuachia dukani kwa Faruk.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama yuko kwangu tangu Pasaka. Miguu imechoka ila kichwa ni kizima, juzi alimsahihisha katekista litania mbele ya watu. Mimi nashona majoho ya kwaya, mekundu, nyumba imejaa vipande vyekundu mpaka kwenye unga.

Sasa kaka, nina jambo, na sina wa kumwambia. Tangu baba yake Evans afariki mambo yote yananiishia kifuani.

Unajua Evans sasa ni mwalimu, na ndiye anayewaongoza vijana wa kwaya. Jumatano alikuja hapa anachekacheka, akasema mwezi wa saba, Jumamosi moja, atawapeleka mlimani, waende asubuhi warudi jioni. Wao wanaita haikingi. Nikasema ni vizuri, mkatembee, mwili unapenda. Halafu akasema wanakwenda wapi.

Wanataka kwenda Kwenye Maji, kaka. Kwenye yale maziwa mawili ya juu.

Nilijichoma sindano. Mama alikuwa pale barazani anachambua maharage, nikamkonyeza Evans anyamaze. Mtoto hajui kitu. Nilimwambia tu alikuwa na mjomba mmoja, Teodori, aliyekufa mdogo, basi. Sasa nitamzuia kwa maneno gani? Njia yenyewe wanasema imekufa, magugu yamefunika, hakuna anayechunga kule tena.

Kaka, naogopa. Tangu Jumatano nikifumba macho naona magugu tu. Wewe ni mjomba wake, neno lako ni zito kuliko langu. Mwandikie umkataze. Na kama hakatazwi, basi tuelekeze njia, maana katika watu ninaowajua wewe ndiye uliyepita mwisho.

Mdogo wako,
Hilaria


Kirando
2 Juni 2024

Mdogo wangu Hilaria,

Milele amina. Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Faruk wiki tatu chini ya mizani. Anasema alidhani ni karatasi ya kufungia sukari.

Mimi ni mzima. Masikio yameliwa na injini za boti, na Coleta anasema ni baraka, sasa anaweza kunisema nikiwepo. Dagaa wa mwezi wa nne walinyeshewa wakiwa mchangani, wa sasa wamekauka vizuri. Nimempa kondakta migebuka minane mikavu. Mpe Mama. Mwambie hii ni ya Tanganyika, ziwa kubwa, haijatoka kwingine. Ajaribu hata mkia.

Kuhusu Evans, asiende. Kule hakuna njia. Kuna nyoka, na Julai kuna ukungu. Kama vijana wanataka kutembea waje huku, nitawapakia boti waone maji yenye samaki.

Kitukuu wa shangazi amebatizwa, jina wamempa Rosina, jina la Mama. Mwambie atafurahi.

Kaka yako,
Kornel


Kizwite
11 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Tumefurahi kusikia mmeamka salama huko. Mama amefurahi sana kupata mwenye jina lake, ametuma kanga, iko kwa kondakta.

Migebuka imefika. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akasema, "Kornel anajua kuchagua." Kisha akaniambia nimpelekee mama jirani. Kama kawaida. Miaka thelathini na tisa huyu mama hajatia samaki mdomoni. Nikamwambia, Mama, hii ni ya Tanganyika, mbali kabisa. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sijui maji gani yanaongea na maji gani." Mingine nimeificha ghalani, nimeona aibu kugawa yote.

Sasa kaka, uliandika "asiende" kama vile Evans ana miaka saba. Nilimfikishia maneno yako. Akasema, "Mjomba anaogopa nyoka au ananiogopea mimi?" Nikamwambia vyote viwili. Akanionyesha simu yake, ina ramani, mstari wa buluu unakwenda mpaka juu.

"Kilomita kumi na moja tu, mama."

"Hiyo simu imeshawahi kukaa kwenye ukungu?"

"Ukungu ni wingu lililochoka, mama. Linakaa chini kupumzika."

Huyu mtoto ana maneno kama marehemu baba yake. Basi nikaona sina ujanja, nikamwambia ukweli wote ninaoujua. Nikamwambia Agosti ya mwaka themanini na tano wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na Teodori minane, mlitoka asubuhi kwenda Kwenye Maji kukata matete ya mikeka ya Mama. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nililia nikitaka kwenda, Mama akanikataza. Jioni ukarudi peke yako, umelowa mpaka kiunoni, meno yanagongana. Ukasema tope la ziwa la juu limemmeza Teodori. Baba na wanaume wakaenda na miti mirefu wakachokoa matete siku nzima, kesho yake ukungu ukawarudisha, na wazee wakasema maji yakichukua hayadaiwi. Hivyo tu ndivyo ninavyojua. Sikukuuliza wakati ule na leo sikuulizi.

Evans aliirudisha simu mfukoni. Halafu akasema, "Kwa hiyo mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwombea kule?"

Kaka, sasa ndiyo hakatazwi tena. Wataenda Jumamosi tarehe ishirini Julai, wamwombee Teodori pale ziwani.

Na si maneno tu. Juzi amekwenda na rafiki yake Masalu, kijana mmoja Msukuma wa bodaboda, wakafyeka mpaka kwenye lile jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala. Pale njia inagawanyika. Wakarudi. Mzee Eustaki mwenye mizinga ya nyuki kule chini amewaambia njia moja inakwenda ziwani, nyingine haina mwisho mwema, ila kwa magugu yalivyo hana hakika tena ipi ni ipi. Ramani ya simu nayo pale jiweni haionyeshi panda, ni mstari mmoja tu kama umechorwa na mtu aliyekaa ofisini.

Nimemkumbusha Evans desturi aliyotufundisha Baba, kwamba aliye mbele akifika njia panda akate tawi bichi, alilaze kwenye njia isiyo yake, ili wa nyuma wajue huku kumefungwa. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema? Mtoto wa kwetu haruki tawi. Lakini tawi litalazwa wapi, kama hatujui njia yenyewe?

Neno moja tu nakuomba, kaka. Kulia au kushoto? Nimeamua nitakwenda nao, siwezi kubaki hapa nikingoja mtu arudi peke yake amelowa.

Hilaria


Kirando
9 Julai 2024

Hilaria,

Milele amina. Sisi wazima.

Penye jiwe shikeni kulia.

Kushoto msiingie hata hatua ishirini. Majani yanasimama vizuri kama kuna ardhi, lakini ardhi imekatika, chini ni korongo.

Tawi halitoshi. Tawi ni kitu cha msituni, na mtu yeyote anaweza kulisogeza. Funga kitambaa, chenye rangi isiyomea kule.

Mtu mzima akae nyuma ya wote. Mtoto asiachwe nyuma kwa sababu yoyote, hata akilialia, hata akiudhi. Mtu asijitenge na wenzake kwa hasira wala kwa mzaha. Ukungu ukishuka kaeni chini pale pale, mshikane.

Usiniulize zaidi ya hapo.

Samaki sijatuma. Mwambie Mama namsalimia.

Kornel


Kizwite
23 Julai 2024

Kaka Kornel,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima na ukiwa umekaa. Wifi hajambo? Mama hajambo, na habari yake nitaiandika mwishoni kwa sababu mkono wangu bado haujaiweza.

Barua yako ilifika Jumatano, siku tatu kabla ya safari. Niliisoma mara nyingi mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Nikachukua kipande cha joho la kwaya, chekundu, urefu wa mita mbili, nikakitia kwenye mkoba pamoja na rozari.

Tulikuwa kumi na mmoja. Gari lilituacha mwisho wa barabara kabla jua halijapata joto, na upepo wa Julai unaujua, unaingia kwenye mifupa kama umeitwa. Evans na Masalu mbele na mapanga, vijana katikati, mimi nyuma ya wote kama ulivyosema. Magugu yananipita kichwa. Yanajifunga nyuma yako ukishapita, ukigeuka huoni ulikotoka. Kila tulipokwenda kidogo nilihesabu vichwa. Kumi. Nasema fungu moja la rozari, nahesabu tena. Kumi.

Kuna binti mmoja, Bertila, ana miaka kumi na saba, sauti yake ndiyo inayobeba kwaya. Alivaa raba nyembamba za kwendea disko. Kila mara anasimama kutoa miiba.

"Mama Evans, kwani hayo maziwa hayawezi kushuka yakatufuata?"

"Tembea, mwanangu. Usiwe nyuma yangu."

"Wewe ndiye uliye nyuma, mama."

"Ndiyo, na ndivyo itakavyokuwa."

Tukafika kwenye jiwe. Kaka, miaka yote nililifikiri ni jiwe kubwa sana. Ni jiwe tu. Njia mbili zinatoka hapo, zimefunikwa sawasawa. Niseme kweli, ingekuwa mimi ningeshika ya kushoto, ilionekana pana. Masalu akaokota jiwe la ngumi, akalirusha kushoto juu ya majani. Tukasikiliza. Nilianza Salamu Maria, nikafika "umejaa neema," ndipo tukalisikia likigonga chini. Vijana wote wakarudi nyuma hatua moja. Evans akakata tawi bichi, akalilaza kwenye mdomo wa kushoto. Mimi nikafunga kitambaa chekundu, mti kwa mti, kimo cha uso wa mtu. Evans akasema, "Mama, tawi linatosha." Nikamwambia mjomba wako kasema halitoshi.

Tukashika kulia, na saa sita tukafika.

Sijui niseme nini juu ya yale maji. Ziwa la chini na la juu, yamelala kimya kama macho mawili ya mtu anayekutazama na hasemi. Hakuna ndege hata mmoja. Nilijifunga kanga mabegani, nikasema ni baridi. Tukamwombea Teodori, tukaimba, na Bertila akaimba peke yake ubeti wa mwisho. Nililia kaka, nililia kilio cha mwaka themanini na tano.

Baada ya sala Masalu akavua viatu akaingia ziwa la juu. Nikampigia kelele atoke, tope litammeza. Akaendelea. Akavuka lote, akatokea ng'ambo, maji hayakupita mapaja. Akauliza kutoka kule, "Mama Evans, hili ni ziwa au ni beseni? Chini ni changarawe tupu." Akazunguka mpaka kwenye matete. Changarawe. Vijana wakacheka. Mimi nikakaa chini.

Hapo ndipo ukungu ukashuka. Haukuja kama wingu, ulikuja kama mtu amefunga mlango. Nikasema kaeni, shikaneni, nikahesabu kwa kugusa vichwa. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa.

Bertila hakuwepo. Kidole kilikuwa kinamuuma, alimwambia mwenzake, "Natangulia polepole, mtanikuta," na mwenzake akadhani Evans anajua. Kaka, nililinda nyuma mchana kutwa. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kupotelea mbele.

Tulishuka tumeshikana nguo kama vipofu, tunaita. Sauti haziendi popote kwenye ukungu, zinarudi mdomoni. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yake, na katika kuwaza hivyo nikamkumbuka mama yetu, alivyosimama mlangoni siku ile anakutazama wewe na nguo zako zinatiririka.

Tulimkuta jiweni. Amekaa chini, ameshika ncha ya kitambaa kwa mikono miwili, hawezi hata kulia. Alikuwa amelizunguka jiwe kwenye ukungu, akaingia mdomo wa kushoto akidhani ndiyo njia ya kushuka.

"Tawi hukuliona?" Evans akamuuliza.

"Nililikanyaga, mwalimu. Sikujua ni tawi, yote ni majani. Nikaona nyekundu hapa usoni."

Umemwokoa mtoto wa watu, kaka. Nataka ulijue hilo kwanza, kabla ya haya yanayofuata.

Nimekaa siku tatu naifikiri barua yako. Uliwezaje kujua kwamba kushoto ardhi imekatika baada ya hatua ishirini? Baba hakuwahi kutuambia. Mzee Eustaki amezeeka pale na hajui. Na ulisema tope limemmeza, nami nimeona changarawe. Na kwa nini tawi halitoshi? Nani alilisogeza tawi?

Tulipofika nyumbani Mama alituona nyuso, akataka aambiwe. Nikamwambia yote, ziwa, jiwe, tawi, kitambaa, Bertila, na maneno yako kwamba tawi halitoshi. Alisikiliza mikono iko mapajani. Akauliza swali moja.

"Huyo Masalu, maji yalimfika wapi?"

"Mapajani, Mama."

"Na chini?"

"Changarawe."

Akasema, "Ile migebuka ya Kornel uliyoificha ghalani. Nipikie mmoja."

Nikampikia, na ugali wa ulezi. Akala polepole, anatoa mifupa vizuri kama mtu aliyekula samaki jana. Akala mpaka mkia. Akanawa, akasema asante, akaenda kulala.

Kaka, naliogopa jibu lako kuliko nilivyouogopa mlima. Lakini niandikie.

Hilaria


Kizwite
19 Agosti 2024

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Faruk amemwambia kondakta barua yangu uliichukua mwenyewe tarehe ishirini na saba Julai. Mama anakula samaki kila Ijumaa sasa. Kila akimaliza ananiuliza kama Kornel ameandika.

Hilaria


Kirando
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Hilaria,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichoma mara tatu. Coleta hajui ninachoandika. Anadhani naandikia chama cha wavuvi.

Siku ile Teodori alinichosha. Alikuwa nyuma, analia miguu, anataka nimbebe. Nikamwambia ukilia nakuacha. Akalia. Nikakaza mwendo, nikafika kwenye jiwe kabla yake. Nikakata tawi.

Nililaza kulia.

Nilitaka aingie kushoto kidogo tu, aogope, aniite, nije nimcheke. Nilijificha upande wa kulia nyuma ya magugu nikingoja. Sikujua kuna korongo, Hilaria. Namwapia Mungu anayenisikia, sikujua. Nilimsikia akifika jiweni. Aliliona tawi. Nilimsikia akisema peke yake, "Huku kumefungwa," kwa sauti ile ile ya Baba. Akashika kushoto. Mtoto wa kwetu haruki tawi. Aliniamini mimi na tawi langu.

Ukungu ulishuka wakati ule ule. Nikamwita. Akaniitikia mara moja, "Kaka," na sauti ilikuwa inatoka chini. Nikaingia kushoto nikitambaa, nikahesabu hatua kwa magoti, mpaka mkono ukakosa ardhi. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Hakuitika tena.

Nikaliokota tawi nikalitupa korongoni. Kisha nikapanda ziwani, nikakaa ndani ya maji mpaka kiunoni, nikarudi nyumbani.

Baba akaenda kuchokoa matete siku nzima, miti ikagonga changarawe, wazee wakasema maji yamemficha, na mimi nilisimama namtazama. Kama ningesema siku ile, labda wangemkuta. Labda alikuwa hai. Hilo "labda" ndilo linalokaa kwenye masikio yangu. Watu wanasema injini. Nimewaacha waseme.

Niliyasingizia maji. Ndiyo sababu nimekaa karibu na maji maisha yangu yote, na ndiyo sababu namtumia Mama samaki. Nilitaka ale, maana najua samaki hawana kosa. Kusema sikuweza, nikatuma migebuka iseme.

Naogopa, mdogo wangu. Nina miaka hamsini na mitatu na namwogopa Mama kama mtoto aliyevunja chungu. Usimsomee barua hii. Nakuomba. Mwache afe na mwana mmoja.

Kornel


Kizwite
15 Septemba 2024

Kaka yangu Kornel,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Naomba uwe mzima, na nasema hivyo kwa moyo, ingawa haukuwa tayari kusema hivyo mara moja.

Nilikuchukia siku tatu. Lazima nikuambie. Nilishona mikono ya joho kinyumenyume, nikafumua, nikashona tena kinyumenyume. Nilikuwa naliona shati la Teodori, lile la michirizi, alilorithi kwako. Siku ya nne, kwenye Misa, tulifika kwenye "utusamehe makosa yetu" na mdomo wangu ukagoma kwenye maneno yanayofuata. Nikasimama kimya kati ya watu wanaosali. Nikaona siwezi kuishi hivyo, nikayasema. Sijui kama nimeyasema vizuri, lakini nimeyasema.

Barua yako sikumsomea Mama. Niliitia kwenye kitabu cha nyimbo. Lakini aliiona bahasha.

"Kornel amesemaje?"

"Anasalimia, Mama."

Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. "Siku ile nilimfulia nguo zake," akasema. "Zililowa mpaka kiunoni, lakini magoti ya suruali yalikuwa na udongo mwekundu. Ziwani hakuna udongo mwekundu. Nilifua, nikafua, sikumwambia baba yenu. Niliona nimebakiwa na mtoto mmoja wa kiume, nikaogopa kuuliza."

Kaka, miaka thelathini na tisa. Wewe unamwogopa yeye, yeye anaogopa kukuuliza wewe, na mimi katikati nawapelekea salamu.

Akaendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo uani, akasema, "Mwandikie hivi, kama ninavyosema. Mwambie tawi lake bado limelala pale. Aje aliondoe mwenyewe, mimi nikiwa hai."

Basi nimeandika kama alivyosema.

Evans na Masalu wametafuta kamba, na Mzee Eustaki amekubali kuonyesha mahali pa kuingilia korongo kutokea chini. Nao wanajua, nimewaambia. Evans alisema, "Mjomba atatembea katikati yetu, mbele wala nyuma asikae." Tumechagua Jumamosi tarehe kumi na mbili Oktoba, kabla ya mvua. Padre ametukubalia. Kama kuna kifupa, tutakizika. Kama hakuna, tutazika udongo. Mama atangoja mwisho wa barabara, kwenye kiti.

Kitambaa chekundu sikukifungua. Kiko pale jiweni, utakiona.

Samaki usimpe kondakta safari hii. Beba mwenyewe. Nijibu upesi, kaka, uniambie unakuja na basi la siku gani.

Mdogo wako,
Hilaria